Sauti ya Ng'ambo ya Bonde

Nilifanya kazi na Liao Wanqing miaka tisa, meza yangu ubavuni mwa yake, na muda wote huo nilidhani namjua. Nilijua hali vitunguu. Nilijua kwamba akikasirika huzipanga kalamu zake kwa urefu, kutoka kubwa hadi ndogo, na hapo ni heri utoke ukanunue sigara hata kama huvuti. Sikujua kwamba hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake.

Mama huyo aliitwa Zhong Duanmei. Figo zilimuua mwaka themanini na nane, Wanqing akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Aliacha picha moja, ile ya kitambulisho, uso umeelekezwa mbele kama mtu anayesubiri kuulizwa kosa lake. Aliacha pia koti la pamba, ambalo bibi mzaa baba alilikata akashonea mto. Wanqing alilala juu ya mto huo mpaka alipokwenda shule ya bweni.

Utotoni alikuwa akiuliza watu wazima, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Kula, chakula kinapoa."

Kila aliyeulizwa alijibu neno hilohilo moja. Baba yake hakujibu kabisa. Alipoulizwa angetafuta spana.

Ofisi yetu iko Ganzhou, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Tuko wanne. Tunatengeneza vitu vya makumbusho: michoro mikubwa ya kwenye vioo, ambayo mgeni akiigusa inafunguka, inasogea, inasema. Mimi naandika programu. Wanqing ndiye aliyekuwa akibuni. Ukimletea jedwali la mistari elfu tatu, la vigae vya kale au la ukoo fulani uliohama kutoka kaskazini, angelitazama siku mbili bila kusema, halafu siku ya tatu angechora kwenye karatasi umbo moja, na jedwali lote lingekaa humo kana kwamba lilizaliwa humo.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2023, Jumba la Utamaduni la wilaya yetu ya nyumbani, Longkeng, lilituletea maboksi ya kaseti. Kanda mia tatu themanini na nane. Zilirekodiwa kati ya mwaka themanini na nne na themanini na sita na ofisa mmoja wa utamaduni, marehemu sasa, aliyezunguka vijijini kwa miguu na mashine begani. Zote ni nyimbo za mlimani, zile za kuchokozana: mtu wa mteremko huu anamtupia maneno mtu wa mteremko ule, naye anamrudishia, mpaka mmoja aishiwe na watu wamcheke. Mimi ni wa hukohuko. Mama yangu alikuwa akiziimba akichambua mboga, na akimwona baba anakuja ananyamaza, maana nyingine hazikuwa za kuimbwa mbele ya mume.

Kazi ya Wanqing ilikuwa kuzipa umbo. Akaketi na kanda hizo, masikio yamefunikwa, akijaza jedwali: nani aliimba, kijiji gani, mwezi gani, anamjibu nani. Siku ya kumi na mbili aliniita.

"Zekai, njoo utazame."

Alikuwa amechora milima. Sauti inavyopanda na kushuka ndivyo mgongo wa mlima ulivyopanda na kushuka; kila wimbo mlima wake, kila mwimbaji rangi yake. Na katikati ya kioo, kutoka juu hadi chini, alikuwa ameacha bonde. Aliyeanza yuko kushoto, aliyemjibu yuko kulia, wanatazamana. Ukigusa mlima wa kushoto unaimba; unanyamaza kidogo, na ule wa kulia unajibu. Ukivuta kioo kwa vidole viwili unaona vijiji vyote vya wilaya vikipigiana kelele.

"Na hii?" nikauliza. Kulikuwa na milima ya kushoto iliyotazama weupe mtupu.

"Hiyo haikujibiwa. Au ilijibiwa na kanda ikaisha. Mpaka sasa iko sitini na mitatu."

Mkurugenzi Qiu wa Jumba la Utamaduni alikuja kukagua, mtu mnene, mpole, anayeogopa wakubwa wake. Mchoro aliupenda hadi alipofika kwenye ule weupe.

"Dada Liao, hapa kazi haijaisha."

"Hapo imeisha, Mkurugenzi."

"Mbona imejaa mapengo? Wageni wa mkoa watakuja, wakute kinywa cha kikongwe?"

"Kikongwe ndiye aliyeimba," akasema Wanqing. "Ana haki ya mapengo yake."

Qiu akacheka, lakini akaandika kitu kwenye daftari lake. Alipoondoka, Wanqing alizipanga kalamu.

Wiki mbili baadaye alifika kwenye kanda namba mia mbili kumi na saba. Niliona mgongo wake ukinyooka. Alivua vipokea sauti, akavivaa tena, akarudisha kanda nyuma. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akanivalisha mimi bila kuniomba ruhusa.

Lebo ilisema: Huangtang, Oktoba 1985, mavuno ya mbegu za chai, zinazokamuliwa mafuta. Zhong Duanmei, miaka 22, na mwenzake.

"Huangtang ndiko kwao mama," akasema. "Na jina ni lake."

Niliisikia sauti ya msichana, safi, ndefu, imejaa kejeli:

*Ewe uliye ng'amboni, kapu lako halijai,*
*Nani yumo akilini, hata umesusa chai?*

Halafu kimya. Upepo kwenye mashine, mwanamume anakohoa, kisha mlio wa kitufe. Sekunde kumi na moja za kimya hicho, nilikuja kuzihesabu mara nyingi mno baadaye.

Wanqing alikuwa ananitazama midomo, kana kwamba mimi ndiye niliyeimba. "Walisema nzuri," akasema. "Ni nzuri kweli, Zekai. Ni nzuri kweli!" Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, na binti wetu wa mapokezi akachungulia akidhani kuna aliyefiwa.

Jumamosi ile nilimpeleka kwa gari langu hadi Longkeng. Baba yake, Liao Shaoji, ana karakana ya pikipiki za umeme kando ya kituo cha mabasi. Ni mtu mwembamba wa miaka sitini na miwili, mikono imekolea mafuta hadi kwenye viwiko, na hana neno la ziada. Alitukuta mlangoni akasema, "Mmekula?" akarudi kwenye gurudumu lake.

"Baba, nimekuletea kitu usikie."

Akaweka simu juu ya benchi, akabonyeza. Sauti ya msichana ikajaa karakana. Shaoji hakuinua kichwa. Aliendelea kukaza nati. Wimbo ulipoisha alikaza nyingine.

"Sio yeye," akasema.

"Jina lake limeandikwa, Baba. Tarehe ipo. Kijiji kipo."

"Sio yeye."

"Miaka thelathini na mitano! Unajuaje?"

"Nilikaa naye chini ya dari moja. Hata angepiga chafya tu ningemjua."

"Wewe hutaki awe yeye!" Wanqing alikuwa anapaza sauti sasa, na mteja aliyekuwa akisubiri betri yake akatoka nje kwa adabu. "Maisha yangu yote nakuuliza unakimbilia spana. Sasa nimempata, unaninyang'anya!"

Mzee akaweka spana chini. Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, na nilidhani atatufukuza.

"Sauti ya mama yako ilikwaruza," akasema. "Kama mtu aliyemeza pumba za mpunga. Shuleni walimweka kwenye kwaya kwa sababu ya urefu wake, wakamwambia afungue tu mdomo, asitoe kitu. Watu walimcheka. Mimi nilikuwa nimekuja Huangtang kutengeneza pampu ya maji, nikamsikia nyuma ya ukuta anagombana na bata. Nikasema, huyu ni nani? Pampu ilikuwa ya siku moja. Niliitengeneza siku nne."

Akaiokota tena spana.

"Wakakwambia nzuri kwa kukuonea huruma," akaendelea. "Mimi nilishindwa kusema nzuri, na kusema mbaya nilishindwa pia. Huyo wa kwenye simu ni Wen Xianggu, rafiki yake. Yuko hai. Anauza tofu soko la Huangtang. Nendeni mapema, mchana huwa zimekwisha."

Njiani kwenda Huangtang asubuhi iliyofuata Wanqing aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba alikuwa ameipata sauti ya mama kwa siku tano, na siku tano si haba. La pili, kwamba nisimpoze.

Wen Xianggu alikuwa na umri wa miaka sitini, mfupi, mashavu mekundu, kisu cha tofu mkononi. Wanqing alipojitambulisha, kisu kilibaki hewani.

"Mtoto wa Duanmei! Hebu geuka nikuone. Mbona umekonda hivi, huko mjini mnakula karatasi? Na huyu ndiye mume?"

"Hapana, Mama Mdogo. Tunafanya kazi pamoja."

"Afadhali. Ana macho ya mtu anayesinzia." Akanikatia kipande cha tofu ya moto hata hivyo, akakimiminia mchuzi wa pilipili. "Kula, usinichukie."

Alipoisikia kanda alipiga kelele ya furaha hadi muuza bata wa jirani akageuka. "Hee! Nilikuwa na mapafu mimi! Msikie mtoto anavyoringa! Hebu weka tena." Tukaweka tena. Safari ya pili hakucheka. Alibaki anaitazama simu.

"Bwana wa utamaduni aliweka mashine yake juu ya jiwe, upande wangu," akasema. "Duanmei alikuwa mteremko wa pili na kapu lake. Bwana akamwita avuke, yeye akapunga mkono hivi, kama anafukuza nzi. Alikuwa na aibu ya ile mashine. Basi nikaanza mimi. Nilijua pa kumchoma."

"Akajibu?" Wanqing aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Asinijibu mimi? Duanmei? Angekufa kwanza." Akajishika mdomo. "Nisamehe, mwanangu. Ulimi wangu hauna breki. Alijibu, ndiyo. Bonde zima lilisikia. Yule bwana akakohoa, akasema sauti ile mbovu haina haja, kanda zake ni chache. Akabonyeza akazima. Jioni akatuuliza majina, sisi tunacheka tu, tunamdanganya danganya, ndiyo akayachanganya."

"Alijibu nini?"

Xianggu alifuta mikono kwenye aproni. Aliangalia kushoto na kulia, kama msichana anayechelea kusikiwa na mama yake, halafu akaimba pale pale, katikati ya sinia za tofu:

*Kapu si lako, jirani, limejaa, halijai;*
*Aliyemo akilini, wewe hata hakufai!*

Muuza bata akapiga makofi. Xianggu akamnyamazisha kwa mkono.

"Lakini usinisikilize mimi. Yeye hakuimba hivi. Mimi napanda, yeye aliburuta. Ilikuwa kama..." Akajaribu kukwaruza koo. Likatoka jambo la kuchekesha, kikohozi nusu, akajaribu tena, akaacha. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Siwezi. Tulipokuwa wasichana nilimwigiza kila siku kumchokoza, na sikuwahi kuipata. Yeye alikuwa akicheka, ananiambia, jaribu tena, mwizi wee."

Wanqing akauliza lile lililomleta, nadhani, kuliko yote. "Na mimi, Mama Mdogo? Sauti yangu haina chochote chake?"

Yule mama alimtazama kwa huruma, lakini hakudanganya. "Wewe sauti yako laini kama hii tofu. Ya bibi yako mzaa baba, kabisa. Duanmei hayumo humo, mwanangu. Labda kwenye magoti. Unasimama kama yeye."

Alipoulizwa ni nani aliyekuwa akilini mwaka ule wa themanini na tano, alicheka tena. "Nani mwingine? Yule wa pampu. Siku nne anatengeneza pampu! Kijiji kizima kilijua, isipokuwa yeye."

Tuliporudi ofisini niliichukua ile kanda, nikakaa nayo. Sekunde kumi na moja. Kwa kompyuta unaweza kuondoa upepo kidogo, ukanyanyua kilicho mbali, ukaona kwa macho kile ambacho sikio limekikosa. Niliondoa upepo. Nilikiondoa kikohozi. Chini kabisa, karibu na sekunde ya saba, ulijitokeza mstari hafifu uliopanda kidogo na kukatika. Nikauchezesha. Unasikika kama mtu anayeburuta kiti nyumba ya tatu.

Wanqing aliusikiliza asubuhi nzima. Sikuthubutu kumtazama. Hatimaye akageuza kiti.

"Niambie ukweli. Ni yeye?"

"Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa tawi. Inaweza kuwa mota ya mashine."

"Kama ingekuwa kanda ya mtu mwingine, ungeandika nini kwenye jedwali?"

"Wanqing..."

"Ungeandika nini?"

"Haijulikani."

"Basi andika," akasema, na alipoona sisogezi mkono, akaja akaandika yeye mwenyewe.

Mkurugenzi Qiu alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Alipiga simu. Xianggu yuko hai, anakumbuka jibu. Basi arekodiwe, tupachike mlima wake upande wa kulia, pengo moja limezibika! Na huenda wazee wengine wapo, tuyazibe yote.

"Xianggu tutamrekodi," Wanqing akamwambia, "na itaandikwa Wen Xianggu, mwaka 2023, kwa rangi yake. Lakini hatakaa mahali pa Duanmei."

"Tofauti iko wapi? Maneno ni yale yale."

"Mtu atakayekuja baada ya miaka hamsini ataigusa, ataamini ndiyo sauti yake. Mkurugenzi, mimi mwenyewe nitaanza kuamini. Nipe mwaka mmoja tu."

Pengine hapo ndipo Qiu alipofahamu kwamba anaongea na binti wa Duanmei. "Haya," akasema. "Acha mapengo yako. Wakiniuliza nitasema ni sanaa."

Kabla ya uzinduzi Wanqing alikwenda tena kwa baba yake, safari hii peke yake, kwa basi. Aliyonisimulia ni machache. Walikuwa wanakula tambi za mchele, yeye na mzee, kwenye viti vifupi mbele ya karakana. Akamwambia yale maneno ya jibu, bila kuimba, kama mtu anayesoma barua. Shaoji akaacha kutafuna.

"Alisema hivyo?"

"Xianggu anasema bonde zima lilisikia."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, Baba."

"Mimi nilikuwa nimerudi mjini siku hiyo," akasema mzee. "Kuchukua mpira wa pampu." Akainamia bakuli lake. Kisha akasema, "Siku moja tu nimeondoka." Aliirudia sentensi hiyo tena walipokuwa wanaosha vyombo, na tena kituoni basi lilipokuwa linaondoka, akizungumza na dirisha.

Meza ya kioo ilizinduliwa mwezi wa kumi katika ukumbi wa chini wa Jumba la Utamaduni. Wageni wa mkoa walikuja, wakapiga picha, wakaenda kula. Ndipo wakaingia watu wenyewe, wazee wa vijijini walioletwa kwa mabasi mawili. Mwanzoni waliogopa kukigusa kioo, wanadhani kitaharibika. Kisha bibi mmoja wa miaka themanini, kichwa kimefungwa kitambaa cha buluu, akagusa mlima mmoja wa kushoto, na sauti ya mwanamume wa zamani ikamwambia kwa wimbo kwamba wanawake wa kijiji chake wanapika wali wenye mawe.

Bibi akarudi nyuma. Akasubiri. Upande wa kulia ulikuwa mweupe.

"Hajibiwi?" akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Hakuna jibu kwenye kanda, Bibi."

"Ananitukana hivi, halafu aachwe?" Akainama juu ya kioo, akavuta pumzi, akaimba jibu kwa sauti iliyopasuka, mistari minne, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana wa mwisho ulihusu meno ya yule bwana na kwa nini mawe ndiyo yaliyomfaa. Alipomaliza akakigonga kioo kwa kidole. "Sasa mbona kimenyamaza? Hakinisikii?"

"Hakina masikio, Bibi," nikasema.

"Basi mmetengeneza nusu mtu!"

Nilimtafuta Wanqing kwa macho. Alikuwa ameegemea nguzo, mkono mdomoni. Jioni ile, tukiwa bado Longkeng, alinikalisha kwenye ngazi za nje akaniambia nitie vipaza sauti viwili kwenye meza. Mtu akigusa mlima usiojibiwa, apate kitufe cha kujibu. Sauti yake ichore mlima wake ng'ambo, jina na tarehe ya leo, kwa mstari mwembamba wa nukta nukta, ili asidhaniwe ni wa zamani. Mia wakijibu, milima mia isimame, mmoja nyuma ya mwingine. Kwa wiki tatu tukaikamilisha kazi hiyo. Mkurugenzi Qiu, katika ripoti yake, aliandika kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu mwanzo.

Kufikia mwaka mpya kulikuwa na majibu mia nne na ushee. Watu walikuwa wanakuja siku za gulio na vikapu vyao, wanaviweka chini, wanamtukana marehemu fulani kwa vina safi, wanaondoka wamefurahi. Xianggu alikuja na shoga zake, akajibu milima kumi na moja kwa siku moja, akazuiwa na mlinzi kwa kuwa muda wa kufunga ulikuwa umefika. Wimbo wa mia mbili kumi na saba, ule wa kwake mwenyewe, hakuugusa. Alisema huo si wa kujibiwa na yeye.

Wengine waliujibu, wasiojua. Msichana wa sekondari, mwanamume wa kutoka Huizhou, mwalimu mstaafu. Wanqing alizisikiliza zote kutoka Ganzhou, maana kila rekodi ilipita kwetu kwanza. Hakufuta hata moja. Lakini nilimwona anavyosikiliza, mwili umeinama mbele, na jinsi alivyorudi nyuma pale mtu alipofungua kinywa tu. Sijui alikuwa anategemea nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Mwezi wa tatu nilikuwa nasafisha kumbukumbu za meza. Nilikuwa nimeandika programu itupe rekodi zisizo na sauti baada ya siku thelathini, kwa sababu watoto hubonyeza kitufe na kukimbia. Niliona rekodi tupu nyingi kwenye wimbo wa mia mbili kumi na saba, kuliko wimbo wowote mwingine. Nikaangalia tarehe. Kila siku ya gulio, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Nikafungua moja. Hakuna mtoto anayekimbia hapo. Msichana anauliza kuhusu kapu, wimbo unaisha, kitufe kinabonyezwa, na mtu anasimama mbele ya kipaza sauti sekunde kumi na moja, kumi na mbili, anapumua. Mara moja kulisikika kitu cha chuma kikiguswa mfukoni. Halafu kitufe kinazimwa.

Karakana ya pikipiki na Jumba la Utamaduni vimetenganishwa na barabara mbili.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima kabla ya kumwambia. Nilimwonyesha michoro yenyewe: mistari bapa, mmoja chini ya mwingine, yenye vituta vidogo mahali palipopumuliwa. Aliitambua bila kuisikiliza. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akaufuata mstari wa kwanza hadi mwisho wake, kisha wa pili.

"Programu yako inazitupa?" akauliza.

"Baada ya siku thelathini. Hazina sauti, kwa hiyo hazihesabiki kuwa jibu."

"Ibadilishe."

"Niiandikeje? Lazima niipe kompyuta sababu."

Nje ya dirisha wauza mapazia walikuwa wanashusha shehena, wanapigana utani.

"Andika kwamba kwa wimbo huu," akasema, "anayesimama hapo hahitaji kuimba."

Sikuweza kuandika hivyo, kompyuta haielewi maneno hayo. Niliandika tu kwamba wimbo namba 217 usisafishwe. Alihakikisha nimefanya, kisha akarudi kwenye kazi nyingine, ya kauri za mto fulani, iliyokuwa imechelewa. Hajamwambia baba yake kwamba anajua. Jumapili humpigia simu, naye mzee sasa humpa kitu kimoja kila mara, bila kuulizwa: kwamba Duanmei aliogopa bata lakini aligombana nao, kwamba alitia chumvi kwenye chai, kwamba alipokuwa mjamzito alikuwa akiongea na tumbo kwa sauti kubwa hadi majirani wakalalamika.

Hilo la mwisho Wanqing aliniambia kesho yake, tukisubiri lifti. "Kumbe nilimsikia," akasema. "Miezi mingi. Ila sikumbuki." Lifti ikafika, imejaa mapazia, tukapanda kwa ngazi.

Ile mistari bapa, nilipoangalia juzi, ilikuwa kumi na tisa.